Darubini ya macho mawili ya 10x50 kwa nyota badilifu na kometi: inafaa anga la Dar es Salaam?

Inafaa, tena kuliko teleskopu nyingi zinazouzwa kwa bei hiyo hiyo. Ila si kila darubini iliyoandikwa 10x50 inatoa 10 na 50 kweli, na hata iliyo safi haifanyi kazi hii ikishikwa kwa mikono mitupu. Tathmini hii ni ya aina moja ya chombo: darubini ya macho mawili yenye prizimu za Porro, yaani zile zenye mabega ambazo lenzi zake za mbele zimeachana zaidi kuliko lenzi za macho, inayokuza mara 10, yenye lenzi za mbele za milimita 50. Tunaiangalia kwa kazi mbili tu: kukadiria mng'ao wa nyota zinazobadilika, na kukadiria kometi, yaani nyota mkia. Kutazama tembo Mikumi au meli zinazoingia bandarini ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na namba. Gawanya 50 kwa 10 unapata milimita 5, na huo ndio upana wa mwanga unaotoka nyuma kuingia jichoni. Kwenye 7x50 upana huo ni milimita 7, ndiyo maana husifiwa kuwa darubini ya usiku. Kwa baharia aliye mbali na taa za pwani sifa hiyo ni ya kweli. Kwa mtu aliye juu ya paa Sinza au Ilala, 7x50 inamletea anga la kijivu, nyota dhaifu zinamezwa humo, na kama ameshavuka miaka arobaini mboni yake huenda haifunguki kufikia milimita 7, kwa hiyo sehemu ya mwanga alioulipia inaangukia nje ya mboni. Ukuzaji wa mara 10 unatia giza anga la nyuma huku nyota ikibaki nukta. Hivyo katikati ya jiji 10x50 inaonyesha nyota ambazo 7x50 haizionyeshi, ingawa lenzi za mbele zinalingana.

Mng'ao wa nyota hupimwa kwa magnitudi, na namba ikiwa kubwa nyota ni dhaifu zaidi. Kwa macho matupu maeneo yenye taa nyingi ni kawaida kuishia magnitudi 4 au hata kabla ya hapo. 10x50 iliyofungwa kwenye stendi, usiku usio na mwezi, hufika kama 8 hadi 8.5. Kimbiji, au upande wa pili wa vilima vya Pugu, inakaribia 9.5. Nyota badilifu zenye kazi ya maana katika mipaka hiyo ni nyingi kuliko usiku ulio nao.

Teleskopu za maboksi yenye picha ya Zohali na maandishi ya "mara 500 na kitu" tunazikataa kwa kazi hii. Uwanja wake wa kuona mara nyingi haufiki hata nyuzi mbili, stendi yake inatetemeka ukigusa fokasi, na nyota za kulinganishia unazozihitaji zinakaa nje ya picha. 10x50 nzuri ina uwanja wa nyuzi 6 hadi 6.5. Nyota unayoipima na za kuilinganisha nayo mara nyingi zote ziko humo kwa pamoja, na hilo ndilo linaloamua ubora wa makadirio.

Kuhusu 15x70, ambayo wengi huulizia: inaingia ndani zaidi kwa karibu magnitudi nzima, lakini uzito wake ni kama kilo 1.4, uwanja unashuka hadi nyuzi 4.4 hivi, na inadai stendi nzito ambayo peke yake inaweza kukugharimu sawa na 10x50 nyingine. Ichukue iwe ya pili.

Sasa kununua. Kariakoo na Posta darubini za macho mawili zipo, na muuzaji atakwambia, "Hii bosi inavuta mpaka Zanzibar." Umbali wa kuvuta usikushughulishe. Kwanza tazama rangi ya lenzi za mbele. Zikiwa zinang'aa wekundu au rangi ya chungwa kama kioo cha mapambo, rudisha. Tabaka hilo linarudisha mwanga mwekundu badala ya kuupitisha, na nyota badilifu nyingi ambazo 10x50 inaziona vizuri ni nyekundu. Kwa lenzi hizo R Carinae au Mira itaonekana dhaifu kuliko ilivyo ikilinganishwa na nyota nyeupe za jirani, na kosa hilo litaingia katika kila kipimo bila wewe kulijua. Unachotaka ni mng'ao hafifu wa zambarau au kijani, na unapojitazama kwenye lenzi uone sura yako kwa shida.

Pili, inyooshe darubini mbele yako kwa urefu wa mkono kuelekea anga jeupe au ukuta mweupe, uangalie vile vijiduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za macho. Viwe duara kamili. Vikiwa na kingo zilizokatwa na kivuli cha kijivu hadi kukaribia umbo la almasi, prizimu ni za kioo cha daraja la chini na unapoteza mwanga pembeni. Si sababu ya kuikataa moja kwa moja kama bei ni ndogo, ila muuzaji asikutoze bei ya prizimu za BaK-4, yaani za kile kioo cha daraja la juu.

Jaribio la tatu wauzaji wengi hawajawahi kuliona, na ndilo linaloumbua namba za uongo. Washa tochi ya simu, isogeze nyuma ya lenzi ya jicho kwa sentimita 20 hivi, kisha weka rula kwenye lenzi ya mbele upime upana wa duara la mwanga unaotoka. Likiwa milimita 49 au 50, sawa. Ni kawaida kukuta darubini za bei ya chini zikitoa milimita 40 hadi 44 tu, kwa sababu ndani kuna pete ya plastiki iliyowekwa kuficha ubovu wa kingo za lenzi. Milimita 42 badala ya 50 ni upungufu wa karibu asilimia 30 ya mwanga. Zile zilizoandikwa 30x60 au zenye kuzoom zinafeli jaribio hili zaidi ya zote.

Kisha ulinganifu. Tafuta mstari mlalo ulio mbali, ukingo wa paa la ghorofa au waya wa umeme, uangalie, halafu rudisha kichwa nyuma taratibu hadi sentimita 10 kutoka kwenye lenzi. Mstari wa kushoto na wa kulia iendelee kuwa kwenye kimo kimoja. Mmoja ukipanda, prizimu zimehama. Jicho linaweza kulazimisha picha mbili ziwe moja kwa dakika chache, baadaye kichwa kinauma na nyota moja inaonekana mbili. Fundi kamera mzuri anaweza kurekebisha, lakini usinunue kitu kipya chenye kazi ya fundi ndani yake.

Mambo mawili ya mwisho dukani ni mepesi ila hayasamehewi. Fokasi iwe ya gurudumu la katikati. Zipo za kijeshi na za mabaharia ambazo kila jicho linarekebishwa peke yake. Ni imara na haziingii maji, lakini kometi hupimwa kwa kuvuruga fokasi na kuirudisha mara kadhaa, na kufanya hivyo kwa macho mawili yanayojitegemea ni adha. Na mbele ya bawaba ya kati, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, pawe na tundu la skrubu ya robo inchi, ile ile ya stendi za kamera. Bila tundu hilo darubini haifungwi vizuri popote.

Stendi ndiyo nusu ya chombo hiki. Mikono ikitetemeka nyota inachora mistari, na jicho haliwezi kulinganisha mistari miwili. Tofauti kati ya 10x50 mkononi na 10x50 kwenye stendi, kwa nyota dhaifu, inakaribia magnitudi nzima. Kinachohitajika ni stendi ya kamera ya miguu mitatu inayobeba kilo 3 na kuendelea, na bano la umbo la L linaloingia kwenye tundu la mbele. Nunua bano la chuma au aluminiamu. La plastiki linapinda kidogo kila unapoachia mkono, nyota inashuka nusu uzi, na unakesha ukiirudisha.

Kuna tatizo moja linalotuhusu sisi wa latitudo ya 6.8 kusini: nyota nyingi nzuri hupita karibu na utosi. R Scuti inapita takriban uzi mmoja kutoka utosini, Mira nyuzi nne. Stendi ya kawaida haifiki huko bila kuvunja shingo. Kwa nyota hizo lala chali kwenye mkeka juu ya paa, au kwenye kiti cha kulalia cha ufukweni, viwiko vikiwa juu ya mito, darubini ikiegemea kwenye mfupa wa nyusi. Kushika mbele kabisa, karibu na lenzi za mbele, kunapunguza mtetemo kuliko kushika katikati. Kuanzia nyuzi 60 kushuka, rudi kwenye stendi.

Adui mkubwa wa darubini Dar es Salaam ni unyevu, na hapa tunasisitiza kwa sababu darubini nyingi za jiji hili hufa kwa kuvu kabla hazijachakaa. Kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzinyuzi za buibui, hula tabaka la juu ya kioo, na ikishaacha alama haifutiki. Mkoba wa ngozi au kitambaa unaokuja na darubini ni wa kusafiria, usiutumie kuhifadhia. Weka darubini kwenye kontena la plastiki lenye mpira wa kuziba, pamoja na gramu 100 hivi za chembe za silika za aina inayobadili rangi. Rangi ikibadilika zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, uzirudishe. Vile vipakiti vidogo vya kwenye maboksi ya viatu vikifika kwako huwa vimeshajaa maji.

Kiyoyozi kinaleta shida ya pili. Chumba kikiwa nyuzi 20 na hewa ya nje ina kiwango cha umande cha nyuzi 23 au 24, lenzi zitafunikwa na mvuke mara tu unapotoka, na nyota zote zitakuwa na ukungu kuzizunguka. Usifute kwa fulana, utaparuza. Toa darubini nusu saa kabla ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ili mvuke ugande kwenye mfuko. Walio karibu na bahari, Msasani, Kunduchi au Kigamboni, wana chumvi pia: puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, halafu futa kwa kitambaa cha lenzi kilicholoweshwa kidogo kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ndipo ukaushe. Kufuta chumvi kavu ni kusaga kioo.

Chombo kiko tayari, sasa chati. Za kutumia ni za AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota badilifu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911. Huduma yake ya kuchora chati ni ya bure, na haihitaji uanachama. Unaandika jina la nyota, kwa mfano R Car, unachagua kipimo A chenye upana wa nyuzi 15 na nyota hadi magnitudi 9, picha moja inatoka. Bando dogo linatosha. Peleka steshenari ichapwe nyeusi na nyeupe, rangi haiongezi kitu. Ukiona namba 68 pembeni ya nyota, maana yake ni magnitudi 6.8: desimali imeachwa makusudi isidhaniwe kuwa ni nyota. Kwenye chati kuna msimbo wake, uandike daftarini tangu mwanzo, kwa sababu mng'ao wa nyota za kulinganishia hurekebishwa mara kwa mara na bila msimbo hakuna atakayejua ulitumia toleo lipi.

Kwenye mwelekeo wa chati ndipo wanaoanza hapa kwetu hupotea. Chati yenye kaskazini juu na mashariki kushoto inamfaa mtu anayetazama kusini. Kwa R Carinae au L2 Puppis, ukiwa umeelekea kusini na nyota iko juu kabisa ya njia yake, karatasi inalingana na anga bila kugeuzwa. Ukigeuka kutazama kaskazini kwa R Leonis au R Coronae Borealis, ipindue juu chini. Wakati nyota bado inapanda mashariki, zungusha karatasi hadi upande wenye herufi ya kaskazini uelekee kushoto kwako.

Kazi ndogo inayookoa muda mwingi: tengeneza pete ya waya yenye upana wa uwanja wa darubini kwa kipimo cha chati. Chati ya nyuzi 15 ikichapwa kwa upana wa sentimita 18, uwanja wa nyuzi 6.5 ni pete ya sentimita 7.8. Iweke juu ya chati, itembeze kutoka nyota unayoiona kwa macho hadi unayoitafuta, kisha fanya safari hiyo hiyo angani. Tochi iwe nyekundu na hafifu. Simu yenye mwanga mkali, hata ikiwa na skrini nyekundu, inaondoa mazoea ya macho na giza, na utasubiri dakika 20 yarudi.

Makadirio yenyewe yanaenda hivi. Tuseme nyota yako ni dhaifu kuliko ya 68 na inang'aa kuliko ya 74. Kati yao kuna 0.6. Jiulize imesogea kiasi gani kutoka kwenye ile angavu kuelekea dhaifu: ikiwa ni theluthi ya njia, ni 7.0. Andika 7.0, andika na nyota zote mbili, 68 na 74. Usahihi wa 0.1 hadi 0.2 unapatikana mapema tu, mradi uepuke makosa haya manne. Usilinganishe nyota ya katikati ya uwanja na iliyo ukingoni, kwa kuwa kingo za 10x50 nyingi hufifisha na kutawanya nyota. Ilete kila moja katikati kwa zamu. Usiikodolee nyota nyekundu, kwani kadiri unavyoikazia macho ndivyo inavyoonekana kung'aa zaidi. Iangalie kwa mitupo mifupi, au legeza fokasi kidogo nyota zote ziwe viduara. Geuza kichwa ili mstari unaounganisha nyota mbili uwe sambamba na mstari wa macho yako, la sivyo iliyo chini na iliyo juu hazihukumiwi kwa haki. La nne ndilo linaloharibu takwimu kimyakimya: usitazame mkondo wa vipimo vya wengine wala kipimo chako cha wiki iliyopita kabla ya kuandika cha leo.

Vipimo hutumwa AAVSO baada ya kupewa msimbo wa mwangalizi, nao ni bure. Udhaifu wa huduma hii kwa msomaji wa hapa ni kwamba karibu kila kitu ni kwa Kiingereza, na saa zote ni za UT, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa tatu usiku kwetu ni 18:00 UT. Hatari iko baada ya saa sita usiku: saa saba usiku ya tarehe 5 kwetu ni 22:00 ya tarehe 4 kwa UT, na kosa la siku nzima hufanyika hapo. Njia salama ni tarehe ya Julian, yaani siku zinazohesabiwa kwa namba mfululizo na saa ikiandikwa kama desimali ya siku, ambayo hubadilika saa sita mchana ya UT, sawa na saa tisa alasiri yetu. Usiku wote wa Dar es Salaam unabaki ndani ya namba moja: saa tatu na nusu usiku ni .27, saa kumi na moja alfajiri ni .58. Kama mwezi au taa ziliathiri kipimo ongeza herufi B, mawingu U, nyota ikiwa chini karibu na upeo wa macho L, na kama una shaka na kipimo chenyewe Z. Nyota isipoonekana, tuma alama ya < na magnitudi ya nyota dhaifu kabisa ya kulinganishia uliyoiona. Hicho nacho ni kipimo.

Nyota za kuanza nazo zinategemea mvua. Kuanzia Januari hadi masika kuanza, L2 Puppis ndiyo bora: itafute kaskazini mashariki ya Suheli, yaani Canopus, ambapo ndani ya uwanja mmoja utaona L1 nyeupe ya magnitudi 4.9 na L2 nyekundu jirani yake. Mzunguko wake ni siku 140 hivi, na tangu miaka ya 1990 imefifia kwa sababu ya vumbi lake lenyewe, kwa hiyo kila kipimo kina maana. Katika kundinyota la Carina kuna R (siku 308 hivi, kutoka 3.9 hadi 10.5), S (siku 149 hivi, 4.5 hadi 9.9), na Eta, ambayo mwaka 1843 ilishindana na nyota angavu kuliko zote na sasa iko karibu na magnitudi 4. Zote hupanda nyuzi 30 na kitu tu upande wa kusini, kwa hiyo ukiwa Masaki au Upanga chagua paa ambalo kusini yake haina ghorofa. Bahati mbaya zinafika juu jioni wakati wa masika. Zishike Februari, au subiri mwanya wa Mei na Juni.

Kipupwe ndiyo msimu wenyewe. R Scuti, kati ya 4.2 na 8.6, inakaa uzi mmoja kutoka kwenye kishada cha nyota cha M11, hivyo haipotei. R Coronae Borealis kwa kawaida iko karibu na 6, halafu bila ratiba yoyote inaanguka hadi 14. Kuikagua kila usiku safi ni dakika mbili. Eta Aquilae ya siku 7.18 na Kappa Pavonis ya siku 9 hivi zipimwe kila usiku unaopata. Nyekundu za mzunguko mrefu zinatosha mara moja kwa wiki hadi siku kumi, kwa kuwa ukizipima kila siku unaanza kukumbuka badala ya kuona. Mira, ambayo David Fabricius aliiona kubadilika mwaka 1596, ni ya Novemba hadi Januari, katikati ya mawingu ya vuli. Umeme ukikatika mtaa mzima, panda juu haraka uanze na nyota iliyo dhaifu kuliko zote kwenye orodha yako.

Kwa kometi, Dar es Salaam ina faida mbili. Bahari iko mashariki, hivyo kometi ya alfajiri inachomoza juu ya maji yasiyo na taa. C/2023 A3, iliyopita karibu kabisa na jua tarehe 27 Septemba 2024, ilikuwa ya upande huo kabla ya mapambazuko. Na kwa kuwa jua letu huzama na kuchomoza karibu wima, giza kamili linafika dakika 70 na kidogo tu baada ya machweo, hivyo kometi iliyo jirani na jua inapata dakika chache zaidi za anga jeusi. Kometi ya jioni ndiyo shida, kwani magharibi ya wengi wetu ni mwanga wa jiji. Kwa hizo, kama ilivyokuwa C/2024 G3 ya Januari 2025, nenda Kisarawe badala ya ufukweni, mwende kikundi na mwenyeji ajue mpo. Na darubini isielekezwe upande huo mpaka jua limezama lote: sekunde moja ya jua ndani ya 10x50 ni jicho limekwenda.

Kometi haina nukta, ina koma, ule wingu wa kichwa, ndiyo maana hailinganishwi na nyota moja kwa moja. Iwapo koma ni laini na haina kiini kikali, tumia njia ya Sidgwick: ikariri kometi ikiwa kwenye fokasi, kisha vuruga fokasi hadi nyota za kulinganishia zivimbe kufikia upana wa koma, ulinganishe. Ikiwa kiini ni kikali, njia ya Bobrovnikoff ni salama zaidi: vuruga fokasi mpaka kometi na nyota zote ziwe viduara vya upana unaokaribiana. Katikati ya hizo kuna ya Morris, ambapo kometi inavurugwa kiasi cha kusawazisha mng'ao wa koma, unaukariri, halafu unavuruga nyota zaidi hadi zifikie upana huo. Hapa ndipo gurudumu la katikati lisilolegea linalipa gharama yake. Nyota za kulinganishia ziwe kwenye kimo kimoja na kometi, maana kwenye nyuzi 10 juu ya upeo wa macho hewa yetu inakula magnitudi moja na zaidi kuliko utosini.

Baada ya mng'ao andika upana wa koma kwa dakika za nyuzi (dakika 60 ni uzi mmoja), ukiupima dhidi ya umbali wa nyota mbili kwenye chati, na kiwango cha mkusanyiko kutoka 0, wingu lisilo na kiini, hadi 9, kama nyota kabisa. Mkia ukiwepo, andika urefu wake na mwelekeo, ukihesabu nyuzi kutoka kaskazini kupitia mashariki. Vipimo hivi vinapokelewa na COBS, hazina ya vipimo vya kometi inayoendeshwa na kituo cha Črni Vrh, Slovenia. Chombo chako huko ni sentimita 5.0, herufi B, ukuzaji 10.

Usitegemee 10x50 ikuonyeshe kutoka katikati ya jiji kometi ya magnitudi 7 yenye koma pana. Namba hiyo ni ya mwanga wote uliotandazwa, na anga la Sinza au Kariakoo linaumeza hata kama nyota za magnitudi 8 zinaonekana pembeni yake. Kimbiji itaonekana kometi ya 7 na pengine ya 8. Kwa zilizo dhaifu zaidi, 15x70 kwenye stendi nzito ndiyo hatua inayofuata, na majaribio yote ya dukani ni yale yale.